"Ni Homa Tu": Kirusi Kigeni Miongoni mwa Wenyeji

Ifikapo mwezi wa Julai, mahindi ya Trans Nzoia huwa yamepita kimo cha mtu, na mvua zilizoanza kunyesha mwezi wa Aprili huwa hazijachoka. Mji wa Kitale umekaa kwenye mwinuko wa takribani mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za miezi hii zina baridi ya kuwafanya watu wa Kibomet, kandokando ya mji huo, wafunge madirisha na kusogea karibu na meko. Ni msimu wa vikohozi. Mtoto akirudi kutoka shuleni huku anavuta kamasi, mama yake hashtuki, na jirani akiuliza mtoto ana nini, hujibiwa kwa maneno matatu: "Ni homa tu." Makala haya yanahusu maneno hayo matatu, na hasa lile la mwisho.

Kirusi kipya kinachozusha janga la dunia hakiingii katika nyumba tupu. Hukuta wenyeji wamekaa zamani: virusi vya mafua ya kawaida ambavyo aina zake zinapita 100, virusi vya influenza vya kundi A na B, kirusi kiitwacho RSV kinachowabana vifua watoto wachanga, na hata virusi vinne vya jamii ya korona vilivyokuwa vikiwaambukiza wanadamu muda mrefu kabla ya mwaka 2019. Vyote hivi hutumia mlango mmoja, pua na koo. Husafiri kwa kikohozi, chafya, pumzi na mikono. Na aghalabu huanza kwa dalili zilezile. Mgeni ajapo katika msimu wa wenyeji, huvaa nguo zao. Wiki za kwanza, ambazo ndizo zenye thamani kuliko zote kwa anayetaka kumzuia, hupita watu wakidhani wanaugua maradhi yao ya kila mwaka. Hoja itetewayo hapa ni kwamba Kiswahili kama kisemwavyo katika bara la Kenya kina sehemu yake katika mavazi hayo, na kwamba wanafunzi na wahadhiri wa lugha hii wamewaachia madaktari kazi ambayo si ya madaktari.

Neno lenyewe lichunguzwe kwanza. Kwa Mswahili wa pwani, na kwa Mtanzania aliye wengi, homa ni joto la mwili lililopanda. Mwenye pua inayotiririka ana mafua; anaweza kuwa na mafua bila homa, na homa bila mafua. Kamusi sanifu nazo huanzia hapo hapo, kwenye joto. Lakini apandaye matatu kutoka Mombasa hadi Kitale hulikuta neno hilo limebadilika njiani. Mtu wa Kibomet asemapo "niko na homa" huenda ana kamasi, koo linamwasha, anapiga chafya, na mwili wake ni baridi kama maji ya mtungi. Akishuka kuelekea Bungoma, ambako malaria ni ya mwaka mzima, huenda atalikuta neno hilohilo likimaanisha malaria. Huu si upotovu wa kukemewa na walimu wa sarufi. Maneno huhama kama watu wanavyohama, na Trans Nzoia yenyewe ni kaunti ya wahamiaji: Wabukusu, Wasabaoti, Wapokot, Waturkana, Wakikuyu, Wakisii na wengineo wanaonunuliana mahindi na kuposeana mabinti kwa Kiswahili. Tatizo ni kwamba Kiswahili hicho cha sokoni ndicho pia kinachotumika mgonjwa anapokaa mbele ya mhudumu wa afya ambaye huenda alizaliwa Kilifi au Machakos.

Ukubwa wa tatizo huonekana mtu akitazama jinsi virusi vya kupumua vinavyofuatiliwa. Kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, mgonjwa wa kuchukuliwa sampuli ni yule mwenye joto la kufikia nyuzi 38, au aliyekuwa na joto la namna hiyo, pamoja na kikohozi, ugonjwa ukiwa umeanza katika siku 10 zilizopita. Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini Kenya (KEMRI) na washirika wake walianza kukusanya sampuli za aina hii katika hospitali mbalimbali za nchi miaka kadhaa kabla ya janga la mwaka 2009, Kakamega ikiwa miongoni mwazo. Sasa mwulizaji amwulize mtu wa Kibomet, "Je, una homa?" Mwenye kamasi pasipo joto atajibu ndiyo. Aliyewaka joto usiku kucha lakini hana kamasi anaweza kujibu hapana, akasema yeye ana malaria. Wote wawili wamesema kweli, na daftari limeandika uongo mara mbili. Kipimajoto huweza kumsahihisha wa kwanza akiwa pale kituoni. Hakiwezi kumsahihisha wa pili ambaye joto lake lilishuka alfajiri, wala hakiwezi kitu pale mwulizaji anapouliza kwa simu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika habari za virusi methali hii hugeuka kichwa chini miguu juu. Tarehe 29 Juni 2009 Kenya ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa influenza mpya ya H1N1, mmoja wa kundi la wanafunzi wa udaktari kutoka Uingereza waliokuwa wamefika Kisumu. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetangaza janga siku 18 kabla ya hapo. Mgonjwa huyo alijulikana upesi kwa sababu alikuwa mgeni na aliangaliwa kama mgeni. Ila kirusi hakikai na mgeni. Kilipokwisha kuruka kwa wenyeji, kikawa kikohozi kimoja miongoni mwa vikohozi vya msimu, na kukitenga na vingine kukahitaji maabara. Na hapa pana jambo la kustaajabisha: katika muda usiozidi miaka miwili kirusi hicho kilikifukuza kabisa kirusi cha zamani cha H1N1 kilichokuwa kikizunguka duniani tangu mwaka 1977, kikakaa mahali pake, na hadi leo ni kimojawapo cha virusi vya influenza vya kila msimu. Mgeni amekuwa mwenyeji. Mtoto wa Kibomet anayekohoa Julai hii huenda anakohoa janga la mwaka 2009, na hakuna anayeliita janga.

Mambo kama hayo yalikwisha kutokea. Mwaka 1957 influenza ya H2N2 iliiondoa H1N1 ya wakati huo. Mwaka 1968 H3N2 ikaiondoa H2N2. Ndiyo maana mwaka 2009 wazee wengi waliozaliwa kabla ya 1957 walikuwa na kinga kiasi, kwa kuwa miili yao ilikumbuka jamaa za kirusi hicho, ilhali vijana na wanawake wajawazito waliumia zaidi ya ilivyozoeleka. Mwaka 2020 mambo yalikuwa kinyume: kirusi cha korona kiliwaelemea wazee na kuwapitia watoto wengi juujuu. Neno moja la "homa" lisingeweza kumwambia bibi wa Kibomet ni mwaka upi anapaswa kumhofia mjukuu wake mwenye kamasi na ni mwaka upi anapaswa kumhofia kidogo.

Tena virusi hivi havikai pamoja kama abiria wasiojuana. Vinazuiana. Wataalamu wa Ufaransa na Sweden waliona mwaka 2009 kwamba influenza mpya ilichelewa kushika kasi wakati virusi vya mafua ya kawaida vilipokuwa vimewajaa watu baada ya shule kufunguliwa, na majaribio ya maabara nchini Marekani yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha sababu mojawapo: mafua huziamsha chembe za njia ya hewa zikatoa kinga iitwayo intaferoni, na influenza ikija siku chache baadaye hukuta mlango umefungwa. Hivyo basi kamasi linalodharauliwa linaweza kuwa limewahi kuchelewesha janga. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba ni dawa. Mlango huo hufunguka tena baada ya siku si nyingi, na wapo wagonjwa wanaopatikana na virusi viwili kwa wakati mmoja. Linalofaa kukumbukwa ni kwamba mwendo wa mgeni hutegemea wenyeji waliopo, na asiyewahesabu wenyeji hawezi kuueleza mwendo wa mgeni.

Kuna ushahidi mwingine wa hapa hapa nchini ambao ungepaswa kujulikana zaidi. Kuanzia Desemba 2009 hadi katikati ya mwaka 2010, watafiti wa KEMRI na Wellcome huko Kilifi walizifuata kaya 47, wakichukua sampuli za pua za kila mtu nyumbani mara mbili kwa juma, awe anaumwa au haumwi. Walikuwa wakitafuta RSV. Waligundua kwamba watoto wachanga, ambao ndio hulazwa na kufa kwa kirusi hicho, mara nyingi huambukizwa nyumbani, na kwamba anayekiingiza nyumbani aghalabu ni kaka au dada anayekwenda shule. Waligundua pia kwamba wengi huwa na kirusi pasi na dalili yoyote. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa nguo ni sare ya shule. Kibomet haiko Kilifi, lakini muhula wa pili wa shule, kutoka Mei hadi Agosti, huangukia miezi ya baridi na mvua, na Kitale ni mji wa shule za bweni ambamo vitanda hupangwa viwili viwili na madirisha hufungwa usiku. Anayetaka kujua mgeni atapita wapi na atazame kwanza njia wanazopita wenyeji kila mwaka.

Mwaka 2020 ulileta jaribio ambalo hakuna mtafiti ambaye angethubutu kuliomba. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi. Siku mbili baadaye ikaamriwa shule zifungwe. Tarehe 27 amri ya kutotoka nje usiku ikaanza. Katika nchi nyingi influenza ilikaribia kutoweka katika miezi iliyofuata, na tawi moja la influenza B, liitwalo Yamagata, halijathibitishwa popote duniani tangu Machi 2020. Kizuizi kilichowekewa mgeni kiliwaangusha wenyeji kwanza, kwa kuwa wao huambukiza kwa kasi ndogo zaidi. Lakini wenyeji hawakufa wote. Vizuizi vilipolegezwa walirudi, wengine nje ya misimu yao, na vikohozi vikachanganyika upya.

Kisha ukaja Juni 2021. Aina ya kirusi iitwayo Delta ilikuwa imeonekana Kisumu mwezi wa Mei, na serikali ikazitenga kaunti 13 za magharibi na Nyanza, Trans Nzoia na Bungoma zikiwamo, kwa amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja jioni. Ulikuwa katikati ya msimu wa baridi, mahindi yakirefuka, shule zikiwa wazi. Ni mwezi gani mwingine ambao "ni homa tu" ingeaminika kwa wepesi zaidi? Hapa pasemwe jambo ambalo mabango ya afya hayakulisema. Maneno hayo hayakuwa ujinga peke yake. Yalikuwa pia sitara. Mwaka 2020 waliowekwa karantini walitakiwa mwanzoni kujilipia gharama. Jina la korona liliweza kumfungia mama mboga kibanda, likamfanya mwendesha bodaboda akose abiria, likaifanya nyumba inyooshewe kidole. Mtu asiye na akiba husema "homa tu" kwa sababu neno hilo ndilo pekee linalomruhusu kwenda kazini kesho. Mwanaisimu anayeliona kosa la msamiati tu hajaiona njaa iliyo nyuma yake.

Hata hivyo, msamiati ungeweza kusaidia, na ulitumika vibaya. Mwaka 2009 vyombo vya habari viliutangaza ugonjwa mpya kwa jina la "homa ya nguruwe". Huko Misri serikali iliagiza nguruwe wote wachinjwe, ilhali ugonjwa ulikuwa ukipita kwa watu. Kwa Kiswahili kosa lilikuwa na uzito wa ziada, kwa sababu jina hilo lilikwisha kuwa na mwenyewe: homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza kutoka Kenya mwaka 1921, huwaua nguruwe na haimdhuru binadamu kabisa. Mfugaji wa Bungoma aliyewahi kuwapoteza nguruwe wake wote bila mtu wa nyumbani kuugua angekuwa na kila sababu ya kuipuuza redio. Mwaka 2020 mambo yalikuwa afadhali kidogo. Tanzania ilijipatia UVIKO-19. Barakoa, neno la vazi la uso la wanawake wa Zanzibar na Oman, likapata maisha mapya. Kenya ikawa na Komesha Corona, na mfumo wa kuwafuatilia waliojitenga ukaitwa Jitenge. Haya ni majina mazuri. Ila yote ni ya mgeni. Hakuna aliyewaeleza watu wa Kibomet, kwa Kiswahili chao, habari za wenyeji: kwamba homa wanazozijua si moja bali ni nyingi, na kila moja ina mwendo wake. Kwa hiyo palikuwa na milango miwili tu, korona au homa tu, na kila kikohozi kililazimishwa kupita mmojawapo.

Inauma zaidi mtu akikumbuka kwamba Afrika Mashariki ni bingwa wa kuzipa homa majina. Mwaka 1870 ugonjwa wa homa na maumivu ya viungo ulipoingia Zanzibar, wazee waliutambua, wakasema ni uleule waliouona zaidi ya miaka 40 kabla yake, na jina lake wanalo: kidinga pepo. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu watu Zanzibar wakati huo, aliyaandika maelezo yao, na wapo wanaokisia kwamba neno dengue, litumiwalo leo duniani kote, lina asili katika jina hilo. Wamakonde waliipa dunia chikungunya, baada ya mlipuko wa mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika, kwa neno lielezalo jinsi mgonjwa anavyojikunja. Waacholi wa Uganda wakaipa o'nyong'nyong mwaka 1959. Kwa kweli wataalamu wa leo hudhani kwamba kidinga pepo ya wazee wa Zanzibar ilikuwa chikungunya, si dengue, jambo linaloonyesha kwamba jina zuri halimaanishi utambuzi kamili. Lakini wazee wale walifanya kazi ya ufuatiliaji bila maabara: waliitenga homa hii na zile, wakaihifadhi katika jina, na jina likawaonya wajukuu.

Mpinzani atasema hapa, na kwa haki, kwamba homa za viungo zina alama zake ilhali homa za pua na koo hazina. Hakuna neno, hata likiundwa na BAKITA yenyewe, litakalomwezesha mama kuitofautisha influenza na korona kwa kumtazama mtoto. Ni kweli tupu. Kupoteza harufu kulikuwa alama nzuri mwaka 2020, na aina za baadaye za kirusi zikaipunguza. Kwa hiyo haifai Kiswahili kibuni majina ya uongo ya magonjwa yasiyoonekana. Kinachohitajika ni kidogo kuliko hicho na kigumu kuliko hicho: lugha ya kuuliza. Mtu aulizwe kama mwili ulichemka, si kama ana homa. Aulizwe ulichemka usiku upi. Aulizwe nani nyumbani alianza, na wa pili alifuata baada ya siku ngapi, kwa kuwa influenza huchukua takribani siku mbili tangu kuambukizwa hadi dalili, na korona ya kwanza ilichukua takribani tano. Mpangilio wa siku katika nyumba husema yale ambayo kikohozi chenyewe hakisemi. Aulizwe kama anapanda ngazi au kilima kwa pumzi yake ya kawaida. Na ipatikane namna ya kusema, bila aibu wala karantini, kwamba homa hii haijajulikana bado. Kiswahili kina "tu" ya kufunga mazungumzo. Kina pia "bado" ya kuyaacha wazi, na bado ndiyo iliyo karibu na ukweli wa sayansi katika wiki za kwanza za janga lolote.

Kazi hii ina wenyewe. Tangu Septemba 2023 Kenya ina wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 wanaopita nyumba hadi nyumba, na maswali wanayouliza hutungwa aghalabu kwa Kiingereza kisha yakatafsiriwa. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu zina mamia ya wanafunzi wanaokwenda nyumbani kila likizo, Kibomet na Kiminini, Webuye na Chwele, wakiwa na sikio lililofunzwa. Tasnifu nyingi zimeandikwa juu ya upatanisho wa kisarufi na juu ya istilahi za kompyuta. Ni chache mno zilizokaa katika baraza la zahanati kuandika mtu husema nini hasa anaposema kifua kimebana, mwili umelegea, homa imenishika. Orodha ya semi hizo kutoka kata moja tu, pamoja na maana zake kwa wazee na kwa vijana, ingemfaa mtafsiri wa dodoso kuliko kamusi iliyopo. Ingehitaji madaftari, nauli ya matatu na ruhusa ya msimamizi wa zahanati. Likizo ya Agosti huwakuta watu wa Kibomet wangali wakikohoa.